Ukuta Mweupe

Bondeni, Mombasa
Machi 1996

Dada Mona,

Salamu nyingi zikufikie huko Muskati, wewe na shemeji na watoto. Huku mvua bado, joto limezidi. Mke wangu Bayan anakusalimu.

Dada, kwenye simu nilikudanganya. Mama hakuteleza kwenye maji. Mimi ndiye niliyemwangusha, kwa ujinga wangu.

Zile kuta za chumba chake, kijani kile cha giza alichopaka marehemu baba, nilizipaka nyeupe kwa ajili ya Idi. Nilidhani atapata mwangaza. Jirani akanitania, "Haroun, waoa tena nini?" Nikacheka.

Mlango wake ni mweupe tangu zamani. Kumbe macho yake yalikuwa hayaoni tena ila weupe ule katikati ya giza, na ndio aliokuwa akiufuata. Asubuhi ya Idi nilimwita aje tunywe chai. Akaja haraka, kama mtu aijuaye njia, akaupiga ukuta kwa uso. Akaanguka, nyonga ikavunjika.

Sasa amelala kitandani, na kwa weupe huu anasema hapa si kwake. "Mwanangu, tumekaa kwa watu vya kutosha. Nirudishe nyumbani." Nimeapa, nimelia, haniamini. Kula anaona haya. Jana nilimpelekea uji, akafunga mdomo, kisha akaninong'oneza, "Mwenye nyumba amekula?"

Ni yeye mwenye nyumba, Mona. Nisamehe, uje umwambie. Labda sauti yako ataiamini.

Nduguyo aliyekosa,
Haroun