Neno Nililoapa Kutosema Nilikolitoa

Kisaki Stesheni

Shangazi yangu, somo yangu, shikamoo.

Mwili wangu ni mzima, ila kichwa kinachemka. Kifua chako je, bado kinakubana asubuhi ukungu ukishuka? Na mdalasini, mmeshaanza kubandua magome? Huku Kisaki ni joto tu, na hata upepo wa Kinole nimeusahau.

Simu sikupiga kwa sababu simu yako wanaipokea wajukuu na kuweka spika, na haya si ya spika. Vaa miwani, funga mlango, usome mwenyewe.

Unakumbuka wiki ile kabla ya harusi yangu, uliponiweka ndani kunifunda pamoja na wale wenzangu wawili waliokuwa wanaolewa. Mimi nilikuwa mtu mzima, na cherehani yangu na wateja wangu, lakini nilikusikiliza nimeinama. Ulituambia nyege si tusi. Ukasema limetokana na nyegere, yule mnyama anayeifuata asali hata nyuki wamuume, na kwamba Mungu hakuwapa wanaume peke yao. Nikakuuliza mbona watu husema hamu, au ashiki. Ukacheka: "Hayo ya Kiarabu, mwanangu, yamekuja na wageni. Kwani kabla hawajafika, bibi zetu walikuwa hawasikii kitu?" Siku ya kutoka tukashika mchi wote kwa pamoja, tukaapa kuwa ya ndani hayatoki nje.

Basi mchi huo ndio unaonitesa.

Mume wangu alikuwa kambini na mafundi wenzake wa reli, karibu mwezi mzima. Aliporudi nikamtengea maji, akaoga, akala. Nikamwambia kama ulivyonifundisha, kwa heshima, macho chini: "Baba Neema, leo nina nyege."

Shangazi, aliweka kikombe chini kama kimemuunguza.

"Neno hilo umelitoa wapi?"

"Nimefundwa."

"Na nani?"

Ningesema nini? Nikikutaja, atauliza mengine uliyosema, na nimeapa.

"Ungesema hamu ningekuelewa," akasema. "Hilo ni neno la gesti. Ni nani kati ya hawa madereva wanaokuja kupakia ufuta?"

Nimeudhika mpaka nashindwa kula. Tangu tuoane nilikuwa naona haya kulitumia, nalala kimya kama gogo nikingoja aamue yeye. Siku niliyopata ujasiri ndiyo siku niliyogeuka malaya ndani ya nyumba yangu! Madereva wenyewe nawajua kwa kushona suruali zao zilizochanika, basi. Wewe ulinipa neno halafu ukanifunga mdomo. Hukufikiri kwamba wengine tungeolewa na watu wa mbali, ambao mama zao hawajui mambo yetu? Nisamehe, nasema kwa hasira, lakini nasema.

Mume wangu akatandika mkeka sebuleni, akalala huko, na kesho yake akampigia mama yake aje aamue. Mama mkwe akapanda treni kutoka Mbeya na mchele wake wa Kyela na mkungu wa ndizi. Nikajua sasa narudishwa Kinole na Neema wangu mgongoni.

Tukakaa watatu. Mume wangu akaeleza, lakini mbele ya mama yake lile neno likamshinda. Akasema tu, "Amenitamkia tusi."

"Tusi gani?"

Akatazama ukuta.

"Basi wewe, mkwe wangu, sema."

Nikalisema. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akamtuma sokoni kununua dagaa, na dagaa walikuwemo ndani. Alipotoka akasogeza kigoda karibu yangu.

"Sisi tuliambiwa hiyo ni ya wanaume," akasema. "Mwanamke naye anayo?"

"Anayo, mama."

"Hata mwenye watoto wakubwa?"

"Hata huyo."

Akakunjakunja upindo wa kanga. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo ile. Mimi nilidhani ni ugonjwa. Nilikuwa nachemsha majani nakunywa, ipoe. Baba yake huyu mumeo Ambakisye amekufa hajui."

Hasira zangu zote zikaishia hapo, Shangazi. Nikalia mimi, yeye hakulia. Aliniuliza tu nani alinifundisha na kama kuna mengine. Nikamwambia ni shangazi yangu, somo yangu, ila hayo mengine nimeapa. Hakunigombeza. Mwanawe aliporudi na dagaa akamwambia, "Neno la mkeo limetoka kwa wakubwa wake. Kunja huo mkeka." Ameukunja, lakini bado ananitazama kwa kando, na kila asubuhi anauliza mama yake anaondoka lini.

Haondoki. Anasema hapandi treni mpaka jibu lako lije. Kwa hiyo nifungue kiapo cha mchi, somo yangu, au uje mwenyewe. Barua hii anakuletea dada mmoja anayepeleka ufuta mjini; mpe jibu huyohuyo.

Msalimie mama, kitenge chake nimeshashona. Msalimie na mjomba wa migombani, ila yeye usimwambie lolote.

Mama mkwe anakusalimu sana. Nilimweleza kwamba yeye amekuzidi umri, wewe ndiye wa kumwamkia. Amekataa. Anasema anayekuja kufundwa ndiye huanza, kwa hiyo niandike hivi: shikamoo, somo.

Mwanao,
Mwajuma