Viatu vya Yaya Fidèle

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu mchana, bila radi wala upepo, na njia yetu hapa Kasungami imekuwa tope jekundu. Nimeketi barazani, miguu nimeitia kwenye beseni la maji baridi. Naandika kwa sababu leo nimeshindwa.

Si jambo rahisi kwangu kulikiri. Mimi ni mtu wa hoja. Chuoni wenzangu walikuwa wakihama meza waliponiona naja, maana nilikuwa tayari kutetea jambo lolote hadi chai ipoe. Niliamini kwamba mtu aliyesoma vya kutosha hawezi kukosa neno la kusema.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Fidèle, maana hapa ndugu mkubwa huitwa Yaya, alitutoka kwa homa kabla ya kiangazi. Alipenda baiskeli ya milimani, katika mji usio na milima, wenye vichuguu na vilima vya mabaki ya migodi tu. Alisema vichuguu vyatosha, na kwamba siku moja tungefika sisi wawili hadi Kasomeno, mbali na mji.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga. Kwetu, siku hiyo shangazi mkubwa ndiye anayegawa vitu vya marehemu, na viatu humwendea mdogo anayemfuata kwa kuzaliwa. Aliyepewa huvivaa mara moja tu mbele ya watu na kwenda navyo mahali ambapo marehemu alizoea kwenda. Asipofanya hivyo, husemwa kwamba ameifunga njia ya ndugu yake. Baada ya hapo viatu ni mali yake, hata akivitupa.

Nilipewa kofia ngumu, glavu, baiskeli na viatu. Kofia ilinikaa kana kwamba ilipimwa kichwani mwangu. Glavu pia. Viatu ni namba arobaini na moja.

Mimi navaa arobaini na tatu.

Nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu viatu vya mchezo huu. Mtu avijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa na soksi zilezile atakazoendeshea. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisipande anapokanyaga. Na kwa kuwa viatu kama hivi vina chuma chini kinachonasa kwenye pedali, mguu uliokufa ganzi hauwezi kugeuka kujinasua. Mtu huanguka pamoja na baiskeli yake. Hoja zangu zilikuwa safi. Nilimpelekea Tantine Béa, dada mkubwa wa Baba, zote kwa mpangilio.

Alinisikiliza hadi mwisho, akimenya mihogo. Kisha akawageukia wanawake wenzake.

«Huyu alisoma sana mpaka na miguu ikakomea.»

Kukomea, kwa hapa kwetu, ni kukua. Walicheka kwa muda mrefu. Mimi nikaendelea. Nilisema viatu apewe binamu yetu Patient, ambaye ni namba arobaini na moja kamili. Akaniuliza kama ni Patient aliyezaliwa nyuma ya Fidèle. Nikasema basi nitavaa vyangu, na vya Yaya nitavifunga kwenye usukani, ili navyo vifike. Hapo aliweka kisu chini.

«Viatu habitundikake ku kinga sawa kuku ya soko, baba.»

Kinga ndiyo baiskeli, na sawa ni «kama», katika Kiswahili cha hapa. Na lile neno «baba» alilitamka kwa upole, jinsi mtoto anavyobembelezwa, nami nikajua mjadala umefungwa.

Jumatano nilikwenda mjini, kwenye duka la vifaa vya michezo. Nilijaribu jozi moja nyeusi. Vidole vilijinyoosha. Kisigino kikatulia. Nilitembea dukani nikarudi, nikapanda kidato cha mlangoni nikashuka, na kila alama niliyoisoma ilikuwepo. Sijawahi kuvaa kitu kilichonikaa vizuri hivyo.

Nilivirudisha rafuni.

Muuzaji aliniuliza kasoro iko wapi. Ningemwambiaje kwamba Mama amevisafisha vile vingine kwa mikono yake, kwa mswaki wa meno, mshono kwa mshono, na kwamba tangu mazishi hajaniomba kitu kingine chochote ila nivivae?

Nimefanya niliyoweza. Nimetoa soli ya ndani ili kupata nafasi kidogo. Nimechagua soksi nyembamba kuliko zote. Vile vyuma vya chini nimevifungua, hivyo walau sitanaswa kwenye pedali. Ndio ushindi wangu wote wa wiki nzima.

Saa moja iliyopita Mama aliniita sebuleni, akaniambia nivivae avione. Nilivivaa kwa shida, nikigeuza uso asione ninavyouma meno. Alipiga magoti mbele yangu na kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, kama alivyotufanyia sote kila shule ilipokaribia kufunguliwa. Pale alipotafuta nafasi alikikuta kidole changu, kimekunjwa, kimeusukuma mshono.

Kidole chake hakikuondoka mara moja.

«Iko sawa,» alisema, bila kuinua kichwa.

Nilikuwa na hoja zote. Nilikuwa na kipimo, ganzi, kisigino, Patient, jozi nyeusi rafuni. Na shahidi mwenyewe alikuwa ameushika ukweli kwa mkono wake.

«Iko sawa, Mama.»

Kesho, baada ya misa, rafiki zake Yaya watanipitia, na tutaendesha kwenye vijia vya nyuma ya Kasungami hadi mashambani, alikozoea kugeuka kurudi nyumbani. Sijui vidole vitavumilia hadi wapi. Labda nitarudi nikitembea, nikiisukuma baiskeli. Lakini wakati wa kuondoka Mama atasimama kando ya njia, na najua hatanitazama usoni.

Atatazama viatu.