Mstari Niliouruka

Igowole, Alhamisi

Sikujua dada Vero angejifunza kusoma haraka hivi. Mwaka mzima mimi ndiye niliyemsomea barua za Anyosisye, anayejenga reli kule Mbeya. Nilimsomea salamu na habari za mvua tu. Pale penye "Nakupenda, nije kwenu lini?" niliruka, halafu nikajifungia chumbani na kujisomea, kana kwamba nimeandikiwa mimi.

Leo katoka kwenye kisomo cha watu wazima, akaziomba barua zote. Alifuata maneno kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka akafika pale.

Nikangoja kofi.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Kumbe mwandiko wake ulikuwa unakushinda, nami nakusumbua tu."

Nikaitikia.

Sasa namsikia jikoni akiianza ya pili, kwa sauti. Yanayofuata nimeyakariri yote.