Kinu cha Bibi Mwamvua na Zeze la Babu Mshamu

Mwaka umetimia, Babu Mshamu wetu, tangu homa ikuondoe hapa Ruaruke, ukatuachia zeze lako ukutani na uzi wake umelegea.

Ndiyo ilikuwa desturi yako. Ukimaliza kupiga unalegeza uzi, unasema nao umechoka, uacheni ulale. Basi ulipofariki tukaukuta umelala, na hakuna aliyejua ulikuwa ukiukaza kwa sauti ipi. Zeze ulimwachia mjukuu wako Mwanamina, yule uliyemwita mke mdogo ili Bibi anune. Tangu Bibi alipotoka eda, mtoto wa watu analishusha, anakaza, anasikiliza, anatikisa kichwa, analitundika tena. Swalehe, mwanafunzi wako mkubwa, anasema sauti yako ilikuwa juu zaidi. Binti yako Mwanahawa anasema chini. Nusura wakosane. Mwanamina akawa analia peke yake, maana aliona kama unamfia mara ya pili, safari hii mikononi mwake.

Ulitelemka kutoka milima ya Umatumbi ungali kijana, na zeze mgongoni, ulilofundishwa na mjomba wako. Ulisema unatafuta shamba la mpunga. Shamba ulipata, lakini kilichokuzuia usirudi ni Bibi Mwamvua, hilo halina ubishi.

Na ualimu wako, Babu, ulikuwa wa peke yake. Mwanafunzi mpya hakupewa zeze, alipewa mchi. Atwange na Bibi asubuhi nzima, nawe umekaa pembeni na zeze lako, umefumba macho. Swalehe alinuna, akasema, "Mwalimu, mimi mwanamume. Kutwanga kazi ya wanawake."

Ukamjibu, "Sikio halivai kilemba wala kanga. Twanga."

Watu walicheka wee. Wakasema Mzee Mshamu mjanja, kamtafutia mkewe vibarua vya bure. Nasi wa nyumbani tukaamini hivyo hivyo, Mungu atusamehe.

Hukumpiga mtoto wala kumkaripia. Mtu akikosea, ulichukua zeze ukalipiga kosa lake lilelile, polepole, mpaka acheke mwenyewe. Kisha ulimshika kiwiko, vidole hukuvigusa. Ulisema vidole vina adabu, vitafuata.

Vita vilipoanza walipita watu wa kwenu milimani na maji yao ya dawa, wakakuuliza kama utakunywa. Ukasema umekunywa ya Rufiji tangu ujana na mbu bado wanakuuma. Lakini uliwapa chakula, na walipokwenda ulilia, maana walikuwa ndugu zako. Kisha askari wakachoma maghala, tukakimbilia kwenye mikoko huko mto unakogawanyika. Huko hatukutwanga, mlio wa kinu ungewaita askari. Na vita vilipopoa ikaja njaa, hata cha kutwanga hakikuwapo. Zeze nalo likanyamaza. Ulimfundisha Mwanamina kwa mdomo tu, wimbo baada ya wimbo, mkitafuta kaa matopeni. Alipokuuliza zeze atalishika lini, ulisema, "Ngoja kinu kilie, mke wangu."

Tukadhani ni njaa inasema.

Mwaka huu mpunga umekubali, alhamdulillahi. Juzi Bibi alitoa kinu chake cha mvule, atwange mchele wa hitima yako. Kilikuwa hakijalia tangu vita. Mwanamina alikuwa anapepeta karibu yake. Akaweka ungo chini, akaenda kuleta zeze, akakaa palepale ulipokuwa ukikaa wewe, akafumba macho. Akakaza uzi kidogo, akasikiliza, akakaza tena, mpaka uzi na kinu vikaitikiana.

Swalehe alikuwa anapasua kuni uani. Akaacha shoka. "Ndiyo hiyo," akasema.

"Ndiyo hiyo," akasema Mwanahawa, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima hawakubishana.

Bibi akasimamisha mchi. "Miaka yote hiyo nilidhani anakaa hapo kunitazama mimi."

"Bibi," akasema Mwanamina, "si alikuwa anafumba macho?"

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Basi alikuwa ananisikiliza," akasema. Akainua mchi akatwanga, na mke wako mdogo akapiga zeze.

Unakumbukwa na mkeo Mwamvua, binti yako Mwanahawa, mjukuu wako Mwanamina, mwanafunzi wako Swalehe, ambaye siku hizi anatwanga bila kuambiwa, na ndugu zako wa Umatumbi waliosalia. Mwenyezi Mungu akurehemu. Kila kinu kikilia hapa nyumbani, Babu, tutakukumbuka.