Vipepeo Tisa wa Uwanda wa Mialoni

Spokane, 18 Agosti

Mdogo wangu Orrin,

Hujambo? Goti langu bado linanitesa. Miaka thelathini ya kulaza vigae kwenye mabafu ya watu si mchezo, ila nyumba hii nimeinunua mwenyewe. Wewe ulirithi ya baba.

Tangu mazishi ya baba sijakanyaga huko, na sina haja. Nataka jambo moja. Saa nne asubuhi, jua likipamba moto, tembea uwandani kutoka lango hadi mwaloni wa mwisho, hatua mia mbili, uhesabu vipepeo warukaji. Ni wadogo kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya kutu, pembeni weusi wenye menomeno. Wakitua kwenye mbaruti, mabawa ya mbele husimama, ya nyuma hulala. Nilipokuwa huko niliwahesabu kila Agosti, miaka kumi na tisa. Hawakuwahi kuwa chini ya themanini.

Dada yako, Lavonne

Yamhill, 25 Agosti

Dada Lavonne,

Pole na goti. Sisi wazima.

Nimehesabu mara mbili: tisa. Labda ni ukame? Maana uwanda ni msafi kweli. Zimamoto walitaka nyasi fupi, nami Juni nilifyeka zote hadi udongo. Jirani Clint bado anahangaika na zake!

Orrin

Spokane, 29 Agosti

Orrin,

Salamu zako nimezipata.

Zimamoto walisema futi thelathini kutoka ukutani. Wewe ukafyeka ekari nne! Juni walikuwa mabuu wamelala humo humo kwenye nyasi. Umewasaga.

Hao tisa wanataga sasa. Kiwavi ataanguliwa vuli, hatakula kitu, atajificha baridi yote. Akiamka masika ndipo atakula. Ni kizazi kimoja tu kwa mwaka, Orrin. Ukifyeka tena, au ukichoma, ndiyo basi.

Lavonne

Yamhill, 6 Mei

Dada yangu,

Habari za siku nyingi? Krismasi ilipita kimya. Sikukulaumu.

Sijagusa uwanda, nimefyeka futi thelathini tu. Clint kanipigia kelele uani: "We Orrin, umekufa wewe au imekufa mashine?" Nikamwambia njoo uone. Majani mengine yamekunjwa yakashonwa kwa hariri! Nilifungua moja: kiwavi wa kijani, kichwa kikubwa cheusi, akanikodolea macho kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Nikaona haya. Clint naye sasa anatafuta kwake. Je, jani lile atalishona tena?

Mdogo wako

Spokane, 13 Mei

Mdogo wangu,

Goti afadhali kidogo. Atashona lingine. Mwache.

Lavonne

Yamhill, 20 Agosti

Dada,

Shikamoo, wala usinicheke. Thelathini na mmoja! Madume wana mstari mweusi kwenye bawa, sikuwahi kuuona, na nimezaliwa hapa.

Mdogo wako, Orrin

Spokane, 24 Agosti

Mdogo wangu,

Thelathini na mmoja, kwa miguu yako hiyo mirefu? Hatua zangu mia mbili wewe unazimaliza kwa mia na thelathini. Umewaruka wengi, nina hakika. Nitandikie kitanda cha chini, ngazi siziwezi. Jumatano nitahesabu mwenyewe, nawe utembee nyuma yangu, polepole.

Dada yako