Shangazi, Uliyeufunga Mwamba

Shangazi yangu Mize,

Kwa miaka minne salamu zangu zilikufikia kwa mdomo wa binti yako Hadia. "Mwambie namsalimu," nilikuwa nikisema kwenye simu, ilhali najua umekaa ubavuni pake, unasikia. Leo nakusalimu mwenyewe, na hupo wa kuitikia.

Ulinilea tangu baba, kaka yako, alipofariki. Wewe ndiye uliyenifundisha kulijua tundu la pweza: ukiona maganda ya kaa yamerundikana mlangoni, mwenyewe yumo. "Usichokoe kwa hasira," uliniambia, "utaliumiza jiwe bure." Maji yakipwa tulishuka pamoja, khanga tumezifunga kiunoni, na ulikuwa ukicheka kila nilipoteleza.

Kisha pweza wakawa wadogo, wa kujaa kiganja tu. Ukasimama mbele ya kijiji ukasema tuufunge mwamba wa kusini kwa miezi mitatu, wapate kukua na kuzaa. Walikucheka. Mzee mmoja akasema bahari haina mlango, utaifungaje? Ulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka wakakubali, wakakufanya mwenyekiti wa kamati.

Mwezi wa pili wa kufungwa kwa mwamba mimi nikaingia mle kwa siri. Wakwe walioleta posa walikuwa wanakuja kuniona, nami niliona haya kuwaandalia dagaa. Nilitoa pweza wawili, na jirani akaniona nikipanda pwani. Ungeweza kumwachia mwingine aseme. Lakini ulisimama mwenyewe kikaoni, sauti haitetemeki: "Aliyeingia mwambani ni Riziki, niliyemlea mimi. Siku ya kufungua hatashuka baharini. Ni adhabu ile ile tuliyokubaliana kwa wote."

Posa ikarudishwa; wakwe walisema hawataki mwizi wa kijiji. Nilikufuata uani ukiwa unanawa miguu, nikakuambia, "Ungekuwa umenizaa, usingenitaja." Uliendelea kunawa, mguu ule ule mmoja, muda mrefu.

Kabla mwaka haujaisha nikaja huku Doha kuhudumu hotelini. Hadia aliponipigia kuniambia umefariki, ulikuwa umeshazikwa. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikaliweka chini, nikaenda msalani, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kulichukua.

Wiki iliyopita palikuwa na mkutano ukumbini kwetu, wa watu wa vijiji vya uvuvi kutoka pande nyingi za dunia. Mimi nilipangiwa meza ya chai. Akazungumza mama mmoja Mwinuiti, kutoka kaskazini kabisa, kwenye barafu. Alisema kijiji chao hakina barabara, na dhoruba ikivuma hata ndege haitui. Samaki wao hupanda mto kutoka baharini, na walipoanza kupungua, yeye na wenzake waliwaomba watu waupumzishe mto kwa misimu kadhaa, kisha wavue kwa zamu. Sasa samaki wamerudi, na kijiji kina kiwanda chake kidogo cha kuwagandisha. Watu wakapiga makofi.

Wakati wa mapumziko nilimmiminia chai, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba shangazi yangu naye aliwahi kuifunga bahari.

Akaweka kikombe chini. "Nani alimchukia?"

Sikulitarajia swali hilo, Shangazi. "Mimi," nikasema.

Alinitazama bila kunihukumu. "Mimi alinichukia mama yangu. Nyavu za kwanza tulizozitoa mtoni zilikuwa zake. Majira yote ya baridi hakusema nami. Kila asubuhi nilipita karibu na nyumba yake nitazame kama taa inawaka, nijue yu mzima."

"Mkapatana?"

"Barafu ilipoyeyuka alinijia mwenyewe. Na nyinyi?"

"Ameshakufa," nikamwambia.

Akanishika mkono, mkono wenye birika, akaushikilia mpaka msimamizi akaniita meza nyingine.

Siku zote nilikuwa nikiifikiria aibu yangu tu. Sikuwahi kujiuliza wewe ulilalaje usiku wa kikao kile.

Tangu hapo siku ya kufungua mwamba hainitoki moyoni. Kijiji kizima kilishuka, na kutoka chumbani nilisikia vigelegele pwani, maana walikuwa wakitoa pweza wa kubebwa kwa mikono miwili. Wewe mwenyekiti, uliyestahili kutangulia, hukwenda. Maji yalikupwa yakajaa, nawe umekaa barazani unasuka ukili wa mkeka. Nilidhani unaona haya kwa ajili yangu. Leo naelewa: hukutaka niwe peke yangu.

Majirani wakakuletea fungu lako. Ulimpika pweza kwa nazi, ukaweka sahani mlangoni pangu. "Riziki, kula mwanangu."

Nikakujibu nimeshiba.

Nilikudanganya, Shangazi. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. Nilikuwa na njaa, na nilikusikia umekaa nje ya mlango mpaka chakula kikapoa.

Mola akuwekee nuru kaburini. Nisamehe.

Mtoto wa kaka yako,
Riziki