Neno Lililokuwa Kwenye Chupa

Mjukuu wangu Moraa,

Pokea salamu kutoka Ekerenyo. Tu wazima, babu yako anachuma chai, na ndizi zimezaa vizuri. Umeniuliza kwa nini ukinisomea Kiingereza nakukatiza nikitaka maana.

Miaka ya sitini, nikiwa darasa la tano, mwalimu alitufundisha kukata maneno marefu kwa silabi huku tukipiga makofi. Jioni moja mdogo wangu Mogaka alikohoa sana. Mama alikuwa ameletewa chupa ya dawa kutoka Kisii, akanipa nimsomee maandishi yake.

"Ex-ter-nal," nilisoma, nikajiona msomi.

Mama alikuwa ameshamimina dawa kijikoni. "Maana yake nini?"

"Sijui, Mama. Lakini nimelisoma vizuri."

Akairudisha dawa chupani. "Kimbia kwa mwalimu."

Mwalimu aliposoma alishtuka. "Ni ya kupaka nje ya mwili! Akiinywa itamdhuru."

Tulimpaka Mogaka kifuani, akalala. Tangu siku hiyo, kila neno nililolikata darasani niliinua mkono kuuliza maana, mpaka wenzangu wakalalamika kwamba kwa sababu yangu hatumalizi ukurasa.

Mungu akutunze huko uliko.

Nyanya yako,
Kwamboka